Dk. Livingstone: Tabibu aliyeipima Afrika kwa nyota na darubini ya kufungwa mtini

Na Mwandishi Wetu

WATANZANIA walio wengi humfahamu Dk. David Livingstone kwa mambo matatu: vita vyake dhidi ya biashara ya utumwa, kukutana kwake na Henry Morton Stanley mjini Ujiji mwaka 1871, na safari ya maiti yake iliyobebwa na wafuasi wake hadi Bagamoyo. Wachache wanafahamu kwamba mmisionari huyo alitumia sehemu kubwa ya usiku wake barani Afrika akitazama mwezi na nyota, akiandika tarakimu, na kufanya hesabu ndefu kwa mwanga hafifu ili ajue mahali aliposimama.

Miongoni mwa mizigo michache aliyoichukua alipoanza safari yake kubwa mwaka 1853, akitoka Linyanti kuelekea Luanda, ilikuwamo darubini ndogo nzuri yenye kishikizo kilichoweza kukazwa kwa skrubu kwenye shina la mti. Kilikuwa kifaa cha kawaida kwa mtazamo wa leo, pengine kisichozidi kile ambacho mzazi wa Dar es Salaam au Songea anaweza kumnunulia mwanawe. Hata hivyo, maswali yanayomkabili mnunuzi wa leo kuhusu darubini ya namna hiyo ndiyo yaliyowakabili wasafiri wa karne ya 19: ikuze kiasi gani, ishikwe na nini, na ni lenzi ipi iwekwe mbele ya jicho.

Kwa wakazi wa Mbinga na Nyasa, kuanzia kata ya Ruanda yenye makaa ya mawe ya Ngaka hadi vijiji vya Lituhi, Liuli na Mbamba Bay ufukweni mwa Ziwa Nyasa, habari hizi si za mbali. Ramani za awali za ziwa hilo, zilizochorwa na Wazungu, zilitokana na vipimo vya namna hiyo, na mpaka wa Tanzania upande wa kusini wa ziwa ni mstari uliowekwa kwa latitudo, yaani kwa kipimo kinachotokana na anga.

Mtoto wa kiwandani

Livingstone alizaliwa Machi 19, 1813, katika mji mdogo wa Blantyre, Scotland. Alipotimiza umri wa miaka 10 aliajiriwa katika kiwanda cha pamba, akifanya kazi ya kuunga nyuzi zilizokatika. Siku ya kazi ilianza saa 12:00 asubuhi na kumalizika saa 2:00 usiku. Baada ya hapo alikwenda shule ya jioni, na inaelezwa kuwa aliegesha kitabu juu ya mashine ili asome sentensi moja moja kila alipoipita.

Mwaka 1836 alianza masomo ya utabibu mjini Glasgow, na mwaka 1838 akapokewa na Shirika la Wamisionari la London. Novemba 1840 alihitimu rasmi kuwa tabibu. Desemba mwaka huohuo alipanda meli iliyoitwa George kuelekea Afrika Kusini.

Safari hiyo ya miezi mitatu ndiyo iliyomfungulia elimu ya anga. Nahodha wa meli, Donaldson, alikesha naye usiku akimfundisha kupima urefu wa nyota juu ya upeo wa macho na kukokotoa mahali meli ilipo. Kijana aliyepanda meli akiwa na elimu ya dawa na maandiko matakatifu alishuka akiwa na elimu ya tatu, ambayo ndiyo iliyompambanua na wamisionari wengi wa wakati wake.

Alifika Kuruman Julai 1841. Mwaka 1844 alijeruhiwa na simba huko Mabotsa, mfupa wa mkono wake wa kushoto ukavunjika na haukupona sawasawa. Januari 1845 alimwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari Robert Moffat. Agosti 1, 1849, alifika Ziwa Ngami akiwa pamoja na William Cotton Oswell na Mungo Murray.

Mwanafunzi wa Cape Town

Mwaka 1852 Livingstone aliipeleka familia yake Cape Town ili irudi Uingereza. Alipokuwa huko alikwenda katika kituo cha kifalme cha uchunguzi wa nyota kilichokuwa chini ya mwanafalaki Thomas Maclear. Maclear alimnoa katika matumizi ya sekstanti, chombo cha kupimia pembe kati ya vitu viwili vya angani, na wakawa marafiki hadi mwisho. Kwa miaka mingi iliyofuata, Livingstone alimtumia Maclear vipimo vyake ili vihakikiwe na kukokotolewa upya na wataalamu wa kituo hicho.

Vifaa alivyoondoka navyo vilikuwa vichache lakini bora. Sekstanti ilitengenezwa na kampuni ya Troughton & Simms ya London. Saa ya kronomita, yenye kizuizi cha kuusimamisha mshale wa sekunde, ilitoka kwa Dent. Kipimajoto kilikuwa cha Dollond, jina la familia ambayo mwasisi wake, John Dollond, alipewa hataza mwaka 1758 kwa lenzi iliyounganishwa vioo viwili ili kupunguza rangi za upinde zinazozunguka taswira. Walikuwamo pia dira, kitabu cha majira ya nyota kwa mabaharia, kitabu cha logarithimu, Biblia, na taa ya kuonyeshea picha ukutani. Januari 1854 taa hiyo ilipoonyesha picha ya Ibrahimu akitaka kumchinja mwanawe mbele ya watu wa Chifu Shinte, wanawake waliokuwapo walitimka mbio wakidhani kisu kinawaelekea wao.

Kujua latitudo, yaani umbali kutoka ikweta, halikuwa jambo gumu. Msafiri alipima urefu wa jua mchana au wa nyota usiku na kupata jibu baada ya hesabu fupi. Ugumu ulikuwa katika longitudo, yaani umbali wa mashariki au magharibi. Longitudo ni suala la muda. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja, hivyo anayejua tofauti ya saa kati ya mahali alipo na Greenwich anajua longitudo yake. Kosa la dakika moja ya saa humhamisha mtu karibu kilomita 28 katika maeneo ya ikweta.

Njia za kuijua saa ya Greenwich zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kubeba saa isiyokosea. Ya pili ni kupima umbali kati ya mwezi na nyota fulani, njia iliyotumiwa zaidi na Livingstone. Mwezi husogea karibu nusu digrii kwa saa, kwa hiyo kosa dogo sana la pembe huzaa kosa kubwa la mahali: dakika moja ya pembe, ambayo ni sehemu moja ya 60 ya digrii, huweza kumpoteza mpimaji zaidi ya kilomita 50. Ya tatu ni kutumia darubini kutazama miezi ya sayari ya Mshtarii.

Lenzi iliyo mbele ya jicho

Njia hiyo ya tatu ilitokana na Galileo Galilei, aliyeiona miezi minne mikubwa ya Mshtarii kuanzia Januari 7, 1610, kwa darubini yenye kukuza mara 20 hivi. Mwezi ulio karibu zaidi na sayari kati ya hiyo minne, uitwao Io, huizunguka kwa saa 42 na nusu, na kila mara huingia katika kivuli cha sayari na kutoweka. Tukio hilo huonekana kwa wakati mmoja popote duniani ambako Mshtarii ipo angani. Kitabu cha majira ya nyota kilitaja saa ya tukio kwa muda wa Greenwich, na msafiri alipaswa tu kulinganisha na saa ya mahali alipo.

Hapo ndipo suala la lenzi ya jicho lilipokuja. Darubini ya lenzi ina sehemu kuu mbili. Lenzi kubwa ya mbele hukusanya mwanga na kuunda taswira ndani ya bomba. Lenzi ndogo ya jicho, ambayo kwa kawaida ni kifurushi cha vioo viwili au zaidi, huikuza taswira hiyo. Ukuzaji hupatikana kwa kugawanya umbali wa fokasi wa lenzi ya mbele kwa umbali wa fokasi wa lenzi ya jicho. Darubini yenye fokasi ya milimita 700 ikiwekewa lenzi ya jicho ya milimita 25 itakuza mara 28. Ikiwekewa ya milimita 10 itakuza mara 70.

Asiyejua hudhani kwamba kadiri ukuzaji unavyokuwa mkubwa ndivyo darubini inavyokuwa bora. Mambo sivyo yalivyo. Ukuzaji hukuza taswira, lakini hukuza pia mtetemo wa mkono, upepo na joto linalopanda kutoka ardhini. Hupunguza mwangaza, na huufanya uwanja unaoonekana kuwa mwembamba kiasi kwamba sayari huvuka na kupotea kabla mtazamaji hajatulia. Kwa upande mwingine, ukuzaji ukiwa mdogo mno, mng'aro wa Mshtarii huufunika mwezi wake ulio karibu, na dakika ya kutoweka haionekani sawasawa. Tena, darubini mbili zisizolingana ukubwa huuona mwezi huohuo ukitoweka kwa nyakati zinazopishana, kwa kuwa ile ndogo huupoteza mapema zaidi.

Kwa sababu hiyo, kishikizo cha kukazwa mtini hakikuwa pambo. Porini, mti ulio hai na wenye mizizi ndio uliokuwa nguzo thabiti kuliko miti mitatu ya kubebwa begani. Bila nguzo ya namna hiyo, lenzi kali ya jicho haina faida yoyote.

Lenzi za jicho zenyewe zilikuwa zimepiga hatua kufikia wakati wa Livingstone. Mwanasayansi wa Uholanzi, Christiaan Huygens, alibuni katika karne ya 17 lenzi ya jicho yenye vioo viwili. Jesse Ramsden wa London aliboresha aina nyingine mwaka 1782. Carl Kellner wa Ujerumani alitoa yake mwaka 1849, na Simon Plössl wa Vienna akatoa mwaka 1860 ile yenye jozi mbili za vioo, ambayo hadi leo inapendwa na watazamaji wa anga.

Majina hayo bado yapo katika maduka. Darubini ndogo za bei nafuu, zenye lenzi ya mbele ya milimita 60 na fokasi ya milimita 700, mara nyingi huuzwa zikiwa na lenzi za jicho zilizoandikwa H20, H12.5 na SR4. Herufi H ni ya Huygens, na SR ni ya aina ya Ramsden. Tarakimu ni milimita za fokasi. Ile ya H20 hukuza mara 35 na ndiyo inayofaa kuanzia. Ile ya SR4 hukuza mara 175, ilhali kanuni inayokubalika ni kwamba ukuzaji wenye manufaa hauzidi mara mbili ya milimita za upana wa lenzi ya mbele, yaani mara 120 kwa darubini hiyo. Tangazo la boksi linalodai ukuzaji wa mara 525 hupatikana kwa kuongeza lenzi ya kuzidisha mara tatu juu ya SR4. Anayeitumia huambulia giza na ukungu, kisha hudhani macho yake ndiyo mabovu.

Kwa mnunuzi mwenye fedha kidogo za ziada, lenzi mbili nzuri za aina ya Plössl au Kellner, moja ya milimita 25 na nyingine ya milimita 10, zina thamani kuliko rundo la lenzi hafifu. Ya kwanza itamwonyesha mwezi mzima na makundi ya nyota, kwani uwanja wake hufikia zaidi ya mara tatu ya upana wa mwezi. Ya pili itamwonyesha pete za Zohali na mikanda ya Mshtarii. Ni muhimu kupima kipenyo cha mdomo wa darubini kabla ya kununua, kwa kuwa zipo za milimita 24.5 na za milimita 31.7, na lenzi ya kipimo kimoja haiingii katika kingine. Anayevaa miwani achague lenzi inayomruhusu kuliweka jicho mbali kidogo na kioo. Na kwa hali yoyote mtu asilitazame jua kwa kutegemea kichujio kidogo cha kukazwa kwenye lenzi ya jicho, kwa sababu joto linaweza kukipasua na jicho likapofuka papo hapo.

Mwaka wa Forerunner

Livingstone aliwasili Luanda Mei 31, 1854, akiwa hoi kwa homa. Katika safari hiyo malaria ilimshika mara nyingi, na kizunguzungu kilifanya upimaji na hesabu kuwa mateso. Maofisa wa meli za Uingereza walimshauri arudi nao nyumbani. Alikataa, kwa kuwa alikuwa ameahidi kuwarudisha kwao Wakololo waliomsindikiza.

Uamuzi huo ulimwokoa. Barua, ramani na kumbukumbu zake zilipakiwa katika meli ya Forerunner, ambayo ilizama karibu na kisiwa cha Madeira. Alipopata habari akiwa Pungo Andongo, Angola, aliketi na kuyaandika upya yote. Novemba 1855 aliyaona maporomoko aliyoyapa jina la Malkia Victoria, na Mei 1856 akafika Quelimane kwenye Bahari ya Hindi, akiwa amelivuka bara. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1857 kilimfanya kuwa mtu mashuhuri Uingereza nzima.

Ziwani Nyasa

Septemba 1859 Livingstone, akiongoza msafara wa Zambezi uliogharimiwa na serikali ya Uingereza, alifika ncha ya kusini ya Ziwa Nyasa pamoja na Dk. John Kirk. Ziwa halikuwa geni kwa mtu yeyote isipokuwa kwa Wazungu. Wanyasa, Watonga na Wayao waliishi kando yake, na wafanyabiashara wa Pwani walilivuka kwa majahazi wakiwapeleka watumwa Kilwa. Hata jina lenyewe lilitokana na neno la wenyeji lenye maana ya ziwa.

Mwaka 1861 alirudi na mashua, na kuanzia Septemba hadi Oktoba alifuata ufukwe wa magharibi kuelekea kaskazini. Dhoruba zilikuwa kali na mawimbi yaliwalazimisha kuvuta mashua nchi kavu mara kwa mara. Moshi wa nyasi zilizochomwa ulifunika upeo wa macho, na mawingu ya wadudu wadogo waitwao kungu yalionekana kama moshi juu ya maji. Ufukwe wa mashariki, ambao sehemu yake leo ni mkoa wa Ruvuma, waliuona kwa mbali tu.

Hawakufika ncha ya kaskazini. Walikadiria kuwa ziwa lina urefu wa zaidi ya maili 200, ilhali urefu wake ni takriban kilomita 560, yaani maili 350 hivi. Si kwamba vifaa vilikuwa vibovu. Darubini haiwezi kuona kupitia moshi, na lenzi kali zaidi ya jicho ingekuza moshi huohuo.

Kosa jingine lilihusu mto Ruvuma. Livingstone alitumaini kuwa mto huo ungekuwa njia ya maji hadi ziwani, ili kukwepa eneo la Wareno. Aliujaribu kwa meli ya Pioneer mwaka 1861 na kwa mashua mwaka 1862, akazuiwa na mchanga na mawe. Chanzo cha Ruvuma kipo katika milima ya Matogoro karibu na Songea, wala mto huo hautoki Ziwa Nyasa.

Mwaka huo wa 1862 ulimpa pigo kubwa. Mkewe Mary alifariki dunia Shupanga Aprili 27. Mwaka uliofuata serikali iliuita msafara urudi. Alibaki na meli ndogo, Lady Nyassa, aliyoigharimia mwenyewe kwa ajili ya ziwa. Kwa kuwa hakutaka ianguke mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa, Aprili 30, 1864, aliing'oa nanga Zanzibar akiwa nahodha yeye mwenyewe, akavuka bahari umbali wa maili 2,500 na kutia nanga Bombay baada ya siku 45. Masomo ya Nahodha Donaldson yalizaa matunda.

Saa zilizoanguka

Machi 1866 Livingstone alitua Mikindani, safari hii bila msaidizi yeyote Mzungu. Alifuata bonde la Ruvuma, akapita katika nchi ya Wayao, na Agosti 8 akafika ufukwe wa mashariki wa Ziwa Nyasa katika eneo ambalo sasa ni Msumbiji. Alitafuta jahazi la kumvusha akalikosa, ikambidi alizunguke ziwa kwa miguu kupitia kusini.

Njia nzima alikutana na ushahidi wa biashara ya watumwa: maiti zilizofungwa kwenye miti, vijiji vitupu, na mateka waliotelekezwa kwa kukosa nguvu ya kutembea. Taarifa zake kuhusu hali hiyo ndizo zilizochochea umma wa Uingereza kudai biashara hiyo ikomeshwe.

Januari 1867 lilitokea tukio ambalo wakati huo lilionekana dogo. Mpagazi aliyebeba kronomita aliteleza na kuanguka, na saa hizo zikabadilika mwendo. Siku chache baadaye, Januari 20, sanduku la dawa liliibwa. Wasomaji wengi wa habari zake hulikumbuka sanduku la dawa, kwa kuwa bila kwinini mwili wake haukuwa na kinga. Lakini saa nazo zilikuwa na gharama yake. Longitudo alizozipata baada ya hapo zilipotoka kwa makumi ya kilomita, na zilihusu eneo la Ziwa Bangweulu ambalo alilifikia mara ya kwanza mwaka 1868.

Baada ya kuagana na Stanley karibu na Tabora mwaka 1872, Livingstone alirudi Bangweulu akitafuta chanzo cha mto Nile. Aliamini tarakimu zake za awali. Nchi aliyoikuta haikulingana nazo. Msimu wa mvua ulikuwa umegeuza kila kitu kuwa maji, mawingu yalificha nyota, na tabibu aliyekuwa akivuja damu kwa ugonjwa wa tumbo alibebwa begani na wafuasi wake katika vinamasi wiki baada ya wiki. Mto alioutafuta, Lualaba, si Nile bali ni Kongo.

Alifariki dunia mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya leo. Moyo wake ulizikwa chini ya mti. James Chuma, Myao aliyekombolewa kutoka kwa wafanyabiashara ya watumwa mwaka 1861, na Abdullah Susi wa Shupanga waliongoza msafara uliokausha mwili na kuubeba hadi Bagamoyo, ulikofika Februari 1874. Pamoja na mwili walihifadhi shajara na vifaa. Njiani, Unyanyembe, walikutana na Luteni Verney Lovett Cameron aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone. Cameron alivichukua vifaa vya marehemu kwa matumizi yake, akaendelea magharibi hadi kufika Bahari ya Atlantiki mwaka 1875. Livingstone alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London, Aprili 18, 1874.

Alichoacha Ruvuma

Juni 5, 1873, mwezi mmoja hivi baada ya kifo chake, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Aliyeusukuma kwa upande wa Uingereza alikuwa John Kirk, yule aliyesafiri naye Ziwa Nyasa.

Mwaka 1875 E. D. Young aliingia ziwani na meli ya Ilala, akalizunguka, na kuipa milima ya kaskazini mashariki jina la Livingstone. Shirika la wamisionari wa vyuo vikuu, lililoanzishwa kutokana na hotuba ya Livingstone mjini Cambridge mwaka 1857, lilieneza Anglikana katika ufukwe wa Ruvuma. Mmisionari wake William Percival Johnson alilitumikia ziwa kwa miongo mingi na kufariki Liuli mwaka 1928.

Vipimo navyo viliacha alama. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1, 1890, ulichora mpaka kwa kufuata mto Ruvuma hadi unapokutana na mto Msinje, kisha mstari mnyoofu wa latitudo hadi Ziwa Nyasa, karibu na digrii 11 na nusu kusini mwa ikweta. Kutoka hapo mkataba ulifuata ufukwe wa mashariki wa ziwa kuelekea kaskazini. Maneno hayo ndiyo chimbuko la mvutano kati ya Malawi, inayosimamia ufukwe, na Tanzania, inayosema mpaka unapita katikati ya maji. Wavuvi wa Mbamba Bay na Liuli, walioangukia wilaya mpya ya Nyasa ilipomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, wanaishi juu ya hoja hiyo kila wanaposhusha nyavu.

Waliochora mstari ule hawakufika Mbinga wala kuwauliza Wamatengo na Wanyasa. Walitegemea ramani, na ramani zilitegemea watu wachache waliokesha chini ya anga wakiwa na homa, saa zenye kukosea na darubini ndogo. Ubora wa kazi yao ulipimwa kwa mambo madogo sana: sekunde za saa, uimara wa shina la mti, na busara ya kuchagua lenzi inayoonyesha kilichopo badala ya inayokuza kisichoonekana.